Mara nne maji, mara ya tano kinyama

Mgonjwa ni mama wa miaka 58 kutoka Kibosho, mkulima wa migomba na kahawa anayeshuka Moshi mjini kuuza ndizi sokoni Mbuyuni. Hajawahi kuvuta sigara wala hana virusi vya UKIMWI. Alifika hospitali ya rufaa akiwa katika mwezi wa tatu wa dawa za TB, ameshatolewa maji kifuani mara tatu, na anahema kuliko siku alipoanza dawa. Kisa hiki kimesukwa kutokana na hali za wagonjwa zaidi ya mmoja na mambo ya utambulisho yamebadilishwa. Anayedhani amemtambua mtu, si yeye.

Yakizungumzwa maendeleo ya tiba ya mapafu, watu hukimbilia mashine iliyotoka juzi. Mama huyu alihitaji torakoskopi, yaani kuchungulia ndani ya kifua kwa kupitia tundu ubavuni, njia iliyoanza mwaka 1910, na aliihitaji wiki nane kabla hatujamwona.

Ilianza kwa kikohozi kikavu. Baadaye upande wa kulia wa mgongo ukawa mzito, na usiku akawa hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Hiyo ni dalili ya kuulizia siku zote: mwenye maji upande mmoja hulalia upande mgonjwa ili pafu zima lipate nafasi juu. Njia ya kupanda kutoka barabarani hadi nyumbani, aliyoizoea tangu ameolewa, ikaanza kumkalisha njiani. Magauni yakampwaya.

Kituo cha kwanza kilimpiga eksirei. Kifua cha kulia kilikuwa cheupe kutoka chini hadi karibu na bega. Wakamchoma sindano, yakatoka maji ya manjano yenye protini nyingi, na chembe nyeupe zilizomo zilikuwa karibu zote limfosaiti. Kipimo cha GeneXpert hakikuona vimelea vya TB. Makohozi ya kupima hakuwa nayo. Akaanzishwa dawa za TB za miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne.

Mpaka hapo silaumu mtu. TB ya pleura, yaani utando unaolifunika pafu na kuufunika ukuta wa kifua kwa ndani, haina vimelea wengi kwenye maji. Maji yale ni matokeo ya mwili kupambana na vimelea wachache, ndiyo maana GeneXpert, iliyoleta mapinduzi kwenye makohozi tangu Shirika la Afya Duniani liipitishe Desemba 2010, hukosa sehemu kubwa ya wagonjwa wa aina hii. Kipo kipimo cha kimeng'enya kiitwacho ADA ambacho kikizidi yuniti 40 kwa lita kwenye maji yenye limfosaiti nyingi huipa TB nguvu kubwa, lakini pale hakikuwapo. Kwa mtu wa mikoa yetu mwenye maji ya aina ile, TB ndiyo dhana ya kwanza na mara nyingi ndiyo ya kweli. Mwongozo unaruhusu kuanza dawa bila ushahidi wa maabara.

Kilichonisumbua ni kilichofuata. Maji yalirudi, akatolewa. Yakarudi tena, akatolewa, na safari hii yalikuwa mekundu. Kwenye faili kila ukurasa ulisomeka vilevile: TB ya pleura, aendelee na dawa. Mahali pa kuandika tarehe ambayo dhana ile ingepimwa upya hapakuwapo, na hakuna aliyepaweka.

Yalikuwapo pia majibu mawili ya maabara yaliyomtuliza kila aliyelifungua lile faili: "Hakuna seli za saratani." Nilipouliza maji yaliyopelekwa yalikuwa kiasi gani, nikaambiwa ni yaliyobaki kwenye bomba la sindano, kama mililita 10 hivi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona jambo hili wodi nyingi zinalipita juujuu. Hata maji yakichukuliwa vizuri, kuyatazama kwa hadubini huigundua saratani ya pleura kwa takriban wagonjwa 60 katika kila 100 walio nayo. Sampuli ya pili huongeza kidogo, ya tatu huongeza kidogo mno. Ukipeleka matone, umepunguza hata hiyo nafasi. Tunataka mililita 50 au zaidi, zifike maabara mapema, zizungushwe kwenye mashine mpaka seli zitue chini, na mashapo yale yagandishwe kwenye nta yawe kibonge kinachoweza kukatwa vipande vyembamba na kupakwa rangi mbalimbali. Haya hayahitaji mashine ya mamilioni. Yanahitaji chupa kubwa na mtu wa kuikimbiza maabara.

Kwetu tulianza na ultrasaundi. Maji yalikuwa mengi na hayakuwa na vyumba vyumba, lakini juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, palikuwa na vinundu. Tukatoa lita moja na nusu tukaishia hapo, kwa kuwa pafu lililobanwa muda mrefu likifunguka ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. CT skani ikaonyesha utando wa kulia umenenepa kwa mabonge mabonge, zaidi ya sentimita moja mahali pengine, na unene ule ulikuwa umezunguka mpaka upande unaoelekea moyo. TB huweza kuunenepesha utando, lakini kwa kawaida hauwi hivyo. Matiti tuliyakagua, hayakuwa na uvimbe. Tulimuuliza kama aliwahi kufanya kazi Mererani, ambako vumbi la mawe huharibu mapafu ya wachimbaji, akasema amepita huko mara moja tu kwenye msiba. Kuni amepikia maisha yake yote. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeuweka moshi wa kuni wa majumbani miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwa mgonjwa mmoja huwezi kusema ndio uliomletea, nasi hatukusema.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha utando cha kupimwa maabara, kilihitajika. Swali likawa kichukuliwe kwa njia ipi.

Kijana wake, mwalimu huko Arusha, alikuja ameshasoma. "Daktari, shikamoo. Nimeona kuna kamera inaingizwa puani mpaka kwenye pafu, tena sasa inaendeshwa na roboti. Mama apelekwe huko." Hakukosea kuhusu kuwapo kwake. Kutazama njia za hewa kulianza na Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, aliyetoa mfupa kwenye pafu la mkulima mwaka 1897 kwa bomba la chuma. Shigeto Ikeda wa Japani akaleta kamera inayopinda katika miaka ya 1960. Mwanzoni mwa karne hii ikaongezwa ultrasaundi kwenye ncha yake, ikawezekana kuchoma tezi za katikati ya kifua kwa sindano bila kumpasua mtu. Roboti za kupeleka kamera kwenye matawi membamba ya mapafu zilianza kutumika Marekani mwaka 2018 na 2019. Lakini kamera hizo zote hupita ndani ya njia ya hewa. Ugonjwa wa mama huyu, kwa tulivyouona, ulikuwa nje ya pafu, kwenye utando. Hakuwa akikohoa damu, na CT haikuonyesha tawi la hewa lililozibwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo bronkoskopi, yaani kamera hiyo ya njia ya hewa, iwe ya kawaida au ya roboti, mara nyingi hurudi mikono mitupu. Nilimwambia mwalimu hivyo, na nadhani alivunjika moyo kidogo.

Zilibaki njia nne. Ya kwanza ni sindano nene ya Abrams, ya tangu 1958, inayong'oa kipande cha utando bila daktari kuona anapong'oa. Kwa TB hupata jibu kwa takriban wagonjwa wanane katika kumi, kwa sababu TB huenea utando mzima, lakini kwa saratani iliyokaa mabaka mabaka mara nyingi hukosea shabaha. Ya pili ni sindano inayoongozwa na ultrasaundi kwenye kinundu kinachoonekana. Ni njia nzuri na rahisi, na kama mama angekuwa dhaifu zaidi ningeichagua bila mjadala. Ya tatu ni torakoskopi: tundu moja ubavuni, kamera ndani, kinyama kinachukuliwa kwa kuona. Ya nne ni kupasua kifua, ambayo mpasuaji wetu mwenyewe aliikataa kabla sijamaliza kuitaja.

Tuliegemea torakoskopi kwa kuwa ingeleta mambo matatu kwa mara moja: kinyama cha kutosha kutoka mahali panapoonekana pabaya, kuyatoa maji yote, na nafasi ya kuyazuia yasirudi. Kwa saratani ya pleura hupata jibu kwa zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi.

Yenyewe ina historia inayonichekesha. Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alichapisha mwaka 1910 maelezo ya kuchungulia ndani ya kifua kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kibofu cha mkojo. Baadaye njia hiyo ikatumika kwa wagonjwa wa TB: waliingia nayo kukata nyuzi zilizoshikilia pafu ukutani ili pafu lisinyae na "kupumzika", kwani dawa hazikuwapo. Huo ndio wakati ambao Kibong'oto, hapo Siha, ilianzishwa kuwa hospitali ya TB, mwaka 1926. Dawa zilipokuja kuanzia miaka ya 1940, chombo kikawekwa kabatini karibu kila mahali. Sisi tukakitoa kabatini kwa ajili ya mtu aliyekuwa akinywa dawa hizohizo.

Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko ukoo wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimetobolewa mara nne. Ya tano ya nini tena?"

Nikamuuliza, kule kwao mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, ukiacha kuleta maji safi, watu hukaa chini shambani kutazama tope linaloshuka, au anatumwa mtu apande akaone juu kuna nini. Akasema anapanda mtu, tena na panga. Nikamwambia mara nne tumetazama tope, safari hii tunapanda. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akauliza swali lililonionyesha kwamba ameelewa kuliko nilivyodhani: "Na mkikuta kibaya, mtaniambia mimi au mtamwambia yule?" akimwonyesha kijana wake kwa kidevu. Nikaahidi kumwambia yeye.

Ukoo ulikuwa na hofu mbili. Moja ni ile inayosikika kila wodi, kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Sikuwaambia kwamba ni uongo mtupu, kwa sababu si uongo mtupu: seli huweza kupandikizwa kwenye njia ya sindano au tundu, na hutokea zaidi kwenye mesothelioma, saratani ya utando inayohusishwa na vumbi la asbesto. Kwa aina nyingine ni nadra, na hatari hiyo ni ndogo kuliko kumtibu mtu ugonjwa asio nao. Hofu ya pili haikuwa ya kitabibu. Mmoja wa shangazi alitaka kipande cha kihamba, shamba la ukoo, kiuzwe, mgonjwa apelekwe India. Baba mdogo hakutaka hata kulisikia neno hilo likitajwa na kihamba katika sentensi moja. Niliwaeleza kwamba popote atakapopelekwa, kitu cha kwanza watakachodai ni kinyama, na kinyama kinapatikana Moshi. Kihamba kikabaki, baba mdogo akanipa mkono wa nguvu kuliko nilivyostahili.

Alilazwa ubavu wa kushoto, mkono wa kulia ukapitishwa juu ya kichwa. Hakulazwa usingizi kamili. Alipewa dawa ya maumivu na ya kumtuliza kwenye mshipa, ultrasaundi ikathibitisha mahali, lignokaini, dawa ya ganzi, ikamiminwa ngozini, kwenye msuli na juu ya utando wenyewe, ambao ndio unaouma kuliko vyote. Tundu lilikuwa moja, la kama sentimita moja na nusu, chini ya kwapa kati ya ubavu wa tano na wa sita. Bomba fupi lilipoingia maji yakavutwa huku hewa ikiachiwa iingie taratibu kushika nafasi yake. Pafu hushuka kidogo, kamera inapata uwanja, na mgonjwa anapumua kwa pafu la pili. Kamera yenyewe ilikuwa ile ya laparoskopi, inayotumiwa na wapasuaji kutolea mfuko wa nyongo. Kuna vifaa maalumu vya kazi hii, vinavyopinda na vya bei, lakini cha chuma kilichonyooka kinaona vizuri na kinachukua kinyama kikubwa zaidi.

Utando ulikuwa na vinundu vyeupe, vichache juu, vingi karibu na kiwambo, vingine vimeungana kuwa vibonge. Mpasuaji alichukua vipande kama kumi, kila kimoja juu ya mfupa wa ubavu na si kati ya mbavu, kwa sababu chini ya kila ubavu hupita mshipa wa damu usiosamehe. Nesi aliyekuwa kichwani kwa mama alimsemesha Kichagga muda wote. Sikuyaelewa yote, ila niliusikia mjadala wa bei ya mikungu.

Hapo ndipo palipozuka swali gumu kuliko yote ya kisa hiki. Ukiona kwa macho kwamba ni saratani, unaweza kuugandisha utando papo hapo, yaani kuweka dawa inayouchubua ili pafu lishikamane na ukuta na maji yakose pa kukaa. Mgonjwa anaepushwa na hatua nyingine. Lakini TB nayo huweka vinundu vyeupe kwenye utando, na mgonjwa alikuwa na dawa za TB mwilini. Ukigandisha utando wa mwenye TB umemtesa bure. Kusubiri jibu kamili la patholojia, yaani maabara inayochunguza kinyama, ni siku nyingi na bomba kifuani, na bomba likikaa sana huleta usaha.

Mtaalamu wa patholojia ndiye aliyetupa njia. Alikuja chumba cha upasuaji na slaidi zake, akagusisha vipande viwili kwenye kioo, akavitia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, akaenda kupaka rangi. Kabla ya jioni akapiga simu: seli za saratani, nyingi, hana shaka. Aina yake angeisema baadaye. Mbinu hii ya kugusisha kinyama kwenye kioo ni ya zamani na bei yake ni ya rangi na slaidi, na bado sijaelewa kwa nini haitumiwi mara nyingi zaidi.

Eksirei ya asubuhi ilionyesha pafu limefunguka lote, sharti la lazima, kwani pafu lisilofika ukutani haliwezi kushikamana nao. Unga wa talki hatukuwa nao. Tukatumia povidoni-ayodini, dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda: mililita 20 za nguvu ya asilimia 10 zilizochanganywa na 80 za maji ya chumvi, baada ya lignokaini, bomba likafungwa kwa muda wa saa mbili kisha likaachiwa. Matokeo yake katika tafiti hayako mbali na ya talki. Tulikwisha hakikisha hana mzio wa ayodini wala ugonjwa wa tezi ya shingo. Maumivu yalikuwapo, makali kwa usiku mmoja. Katika nchi zenye uwezo angeweza kupewa mrija laini wa kuondoka nao nyumbani na kujitolea maji mwenyewe kwenye chupa maalumu, njia ambayo kwa kupunguza kuhema haizidiwi na kugandisha utando. Chupa zile ndizo tatizo: haziishi kununuliwa.

Jibu kamili lilikuwa adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye seli za kutoa ute, na rangi maalumu zikaonyesha chanzo ni pafu. Saratani ya pafu iliyoweka maji yenye seli kwenye utando huhesabiwa kuwa ya hatua ya nne. Nilimwambia yeye kwanza, kama nilivyoahidi, kijana wake akiwa nje ya mlango. Alinyamaza, akauliza kama maji yatarudi. Nilisema inaelekea hayatarudi upande ule. Akasema basi hilo limekwisha, tuongee mengine.

Dawa za TB zilisimamishwa, na kilimo cha vimelea kutoka kwenye kinyama hakikuotesha kitu. Kulikuwa na sababu nyingine ya kutochelewa kuzisimamisha. Sehemu ya kinyama ilipelekwa kupimwa mabadiliko ya jeni ya EGFR, kwa kuwa mwenye mabadiliko hayo hutibiwa kwa vidonge badala ya dripu. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huliamsha ini livunje vidonge hivyo haraka mpaka visifanye kazi ipasavyo, na athari hiyo huendelea kwa wiki kama mbili baada ya kuiacha. Kwa hiyo kila wiki ya rifampisini isiyo na kazi ilikuwa inakula muda wa mbele yake. Jibu la jeni lilipofika, mabadiliko hayakuwapo. Akaanza dripu za karboplatini na paklitakseli kila baada ya wiki tatu. Eksirei ya mwezi wa pili haikuonyesha maji, na amerudi kulalia ubavu wowote autakao.

Kwenye kikao cha kupitia kisa tuligawanyika, na bado tumegawanyika. Mpasuaji anataka kila mgonjwa ambaye maji yamerudi mara moja apelekwe torakoskopi. Mimi naona huko ni kujaza orodha ya chumba cha upasuaji kwa vijana wenye TB watakaopona kwa vidonge. Mwenye miaka 25, maji ya manjano, limfosaiti nyingi, homa za jioni: aanze dawa, na kwenye faili iandikwe tarehe ya wiki ya nne ya kumtazama tena kwa ultrasaundi. Mwenye zaidi ya miaka 50 asiye na homa, au yeyote ambaye maji yake yana damu: kinyama kabla ya kidonge cha kwanza, au angalau katika wiki hiyohiyo. Mpasuaji anasema tarehe iliyoandikwa kwenye faili haijawahi kumrudisha mgonjwa kutoka Rombo. Mratibu wa TB aliyekuwapo alimuunga mkono kwa hilo, kisha akaniunga mkono mimi kwa lile la umri. Tulichokubaliana sote ni chupa za mililita 50, na zimeshaanza kuwekwa kwenye trei ya kutolea maji.